OILI YA PIKIPIKI NA GARI DOGO: BEI NAFUU BILA KUUA INJINI (KUTOKA MNYUZI)



Hapa Mnyuzi kila mwenye pikipiki au kigari chake akinikamata njiani swali ni lile lile: oili ya bei poa inapatikana wapi? Watu wanadhani kwa kuwa naandika andika humu basi nina bei zote za mkoa wa Tanga kichwani. Sina. Ila nilishaungua mara moja kwa ajili ya oili ya bei poa, na tangu siku hiyo kila kopo ninaloshika nalisoma mbele na nyuma kama barua ya mchumba. Nimeona niyaweke yote sehemu moja, anayetaka aprinti aende nayo dukani.

KWA NINI BEI HAZIFANANI

Petroli, dizeli na mafuta ya taa zina bei kikomo. EWURA wanaitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na utaratibu huo wa bei kikomo upo tangu 2009. Kwenye jedwali lao Korogwe ina bei yake, Handeni ina bei yake. Ukiuziwa juu ya hapo una pa kushika.

Oili ya injini haimo kwenye lile tangazo. Mwenye duka anapanga mwenyewe, na wa jirani anapanga ya kwake, kopo moja, kampuni moja, mtaa mmoja. Kwa hiyo kuuliza bei maduka matatu kabla ya kutoa hela sio ubahili, ndo mfumo wenyewe ulivyo. Na usiuone uchungu wa kuuliza halafu ukaondoka. Mwenye duka ameshazoea.

KILICHONIKUTA

Pikipiki yangu ni SanLG 125, aliniachia kaka alipohamia Dar. Mwaka juzi nilikuta kopo la lita moja, jina kubwa linalojulikana, linauzwa 8,000 wakati kwingine kote nilikuwa naambiwa 12,000. Duka silitaji, na sina uhakika kama mwenyewe alijua anachouza. Nikajiona mjanja. Kifuniko kilifunguka laini mno, hakikutoa ule mlio wa kukatika, nikasema labda ndivyo walivyotengeneza siku hizi.

Wiki ya tano natoka shamba na gunia la mahindi nyuma, ikaanza kugonga, ko ko ko ko, moshi wa bluu, halafu ikazima palepale. Nikaisukuma mpaka kwa fundi. Akamwaga, akachota kwa kidole.

"Bwana mdogo, hii ni oili au uji wa mtama?"

"Oili fundi, tena ya kopo."

"Kopo kila mtu analo. Na mara ya mwisho kuchungulia stiki lini?"

Hapo nikanyamaza, maana sikuwahi kuchungulia tangu niweke. Pistoni, ringi, konrodi na ufundi vilifika 185,000. Nilikuwa nimeokoa 4,000.

Kusema kweli siwezi kuapa kwamba ni lile kopo peke yake. Fundi alisema oili yenyewe ilikuwa imebaki kidogo sana, na hilo ni kosa langu mimi. Lakini mabaki niliyokuwa nayo kwenye kopo niliyamimina kwenye glasi, na yakatulia na tope jeusi chini. Oili mpya haitulii na tope. Hiyo iliyokuwa kwenye glasi ilishawahi kuzunguka ndani ya injini ya mtu mwingine.

NAMBA NA HERUFI ZA KWENYE KOPO

Hapa ndo penye hela, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua 20W-50. Namba yenye W inasema oili inatembeaje ikiwa ya baridi, yaani asubuhi unapopiga stata. W imetokana na winter, majira ya baridi ya Wazungu. Ikiwa ndogo, oili inawahi kufika juu hata kwenye barafu. Namba ya pili inasema oili ina uzito gani injini ikishapata moto, na inapimwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa hiyo 50 ni nzito kuliko 40, na 40 ni nzito kuliko 30. Hizi ni namba za SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, na hazisemi chochote kuhusu ubora. Oili safi sana inaweza kuwa 20W-50 na takataka ikawa 20W-50 vilevile. Ukikuta imeandikwa SAE 40 peke yake bila W, hiyo ni ya uzito mmoja, ikipoa inakuwa nzito na asubuhi inachelewa kupanda.

Sasa Mnyuzi hatuna barafu. Mtu akikuuzia 0W kwa kusema "inawaka vizuri kwenye baridi" mwambie hiyo baridi ampelekee mtu wa Norway. Lakini usikimbilie kudharau, maana kuna injini za siku hizi zinaagiza 0W-20 kwa ajili ya ile 20 ya mwisho: nafasi kati ya vyuma ni ndogo na pampu imepangiwa oili nyepesi. Kitabu cha gari kikisema hivyo, sikiliza kitabu. Vitabu vingi vina mchoro wa joto unaoonyesha oili zote zinazoruhusiwa kulingana na hali ya hewa, sio moja tu, na hapo unapata nafasi ya kuchagua iliyo nafuu kati ya hizo.

Ubora unasomwa kwenye herufi za API, taasisi ya mafuta ya Marekani. S ni za injini za petroli, C ni za dizeli. Herufi ya pili kadiri inavyosogea mbele kwenye alfabeti ndivyo oili inavyokuwa ya kizazi kipya. Shika hii orodha, ni ya API wenyewe: SA haifai kwa injini iliyotengenezwa baada ya 1930, haina hata kemikali za kuilinda injini. SB mwisho 1951. SF mwisho 1988. SG mwisho 1993. SH mwisho 1996. Hizo zote zimeshastaafu. Miongoni mwa zilizo hai ni SJ kwa injini za 2001 kurudi nyuma, SL za 2004 kurudi nyuma, SM za 2010 kurudi nyuma, SN za 2020 kurudi nyuma, na SP iliyoanza Mei 2020. Mpya inaweza kukaa mahali pa ya zamani, ya zamani haikai mahali pa mpya.

Ukielewa hapo umeshaokoa hela pande mbili. Upande wa kwanza, kopo la bei ya kutupwa lililoandikwa SC au SD sio feki, wamekuambia ukweli kabisa, ni wewe hukusoma. SC ni kwa injini za 1967 kurudi nyuma. Kama hauendeshi gari la babu, achana nayo. Upande wa pili, mjomba wangu ana IST ya kwanza kwanza, zile zilizotoka kuanzia 2002 mpaka 2007. Dukani walimshawishi SP, ya bei ya juu kuliko zote rafuni. Injini ile SM inaitosha, SN inazidi. Alichukua SN, ikabaki hela ya filta. Sio kwamba SP ni mbaya, hapana, ila unalipia kinga ya matatizo ya injini mpya zenye taabo ambazo IST ya mjomba haina.

Wenye dizeli fupi tu: tafuta herufi za C. CH-4 ilianza 1998, CI-4 2002, CK-4 mwishoni mwa 2016. Kopo likiwa na zote mbili, mfano CI-4/SL, linaingia kote, lakini iliyotangulia kuandikwa ndiyo kazi yake kubwa.

PIKIPIKI SIO GARI

Hili nalirudia kwa vijana wenzangu maana makosa ni mengi. Kwenye gari la kawaida oili ya injini inalainisha injini basi. Kwenye pikipiki nyingi za hapa, SanLG, Boxer, TVS na nyinginezo, oili ileile inalainisha injini, inalainisha gia, na sahani za klachi zinaogelea humohumo. Sasa oili nyingi za magari, hasa nyepesi za kubana mafuta, zimewekewa kemikali za kuteleza. Ukiziweka kwenye pikipiki sahani za klachi nazo zinateleza. Unavuta moto, injini inalia, pikipiki haiendi, na kwenye kilima na mzigo ndo unaona aibu.

Wajapani walilitengenezea hili kipimo mwaka 1998, kinaitwa JASO. Tafuta JASO MA au MA2 kwenye kopo. MB ni ya skuta, hizi zisizo na klachi ya kuogelea kwenye oili. Na ukikuta kwenye ile alama ya duara ya API chini pameandikwa Resource Conserving au Energy Conserving, hiyo mpe mwenye gari.

Habari nzuri ni kwamba JASO MA haina maana ya bei juu. Zipo za kawaida kabisa za 20W-50. Usilazimishwe kununua ya mashindano yenye picha ya pikipiki inayoruka.

Tukiwa hapo hapo, neno "sintetiki". Linapandisha bei kuliko neno lolote kwenye rafu. Mwaka 1999 chombo cha watangazaji wa Marekani kinachosuluhisha ugomvi wa matangazo kiliamua kesi kati ya Mobil na Castrol, na toka hapo oili iliyotokana na mafuta ghafi lakini ikasafishwa mno inaruhusiwa kule kuitwa sintetiki. Ni oili nzuri, sisemi vibaya. Ila usidhani neno hilo lina maana moja kwa kila kampuni, na usilipie mara mbili kwa neno. Kwa 125 inayokunywa vumbi la barabara zetu, ya kawaida yenye herufi sahihi ukiimwaga kwa wakati inatosha. Hayo ni maoni yangu, anayebisha abishe.

HESABU YA LITA

Bei ya kopo haisemi kitu mpaka uigawe kwa lita. Kuna makopo kutoka Marekani yanafanana na ya lita moja lakini yana mililita 946, kipimo chao. Yale makubwa yao yana lita 4.73, sio 5. Hapa kwetu kuna madumu ya lita 4 na ya lita 5 yamesimama sambamba, urefu karibu mmoja, bei zinapishana kidogo, na mtu anachukua la lita 4 akidhani amepata nafuu. Simu yako ina kikokotoo, tumia.

Baada ya hapo jua injini yako inakula kiasi gani. Pikipiki za mtindo wa Honda CG125, na SanLG ni mojawapo, zinachukua lita 0.9 wakati wa kubadilisha. IST yenye injini ya 1NZ inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Ukijua hivyo unaona mambo. Tufanye mfano, sio bei ya duka lolote: kopo la lita moja 12,000, dumu la lita 4 la oili ileile 40,000. Dumu linamwaga SanLG mara nne na inabaki lita 0.4 ya kuongezea. Kwa makopo ungelipa 48,000. Umeokoa 8,000 na oili ni ileile, haijashuka hata nukta. Huna 40,000 kwa mkupuo? Hapo ndo faida ya marafiki. Sisi tupo wanne, kila mmoja anatoa 10,000, dumu linafunguliwa mbele ya wote, kila mtu anaondoka na lita yake kwenye chupa kavu. Nasema kavu. Aliyekuja na chupa ya soda iliyosuuzwa asubuhi tulimrudisha.

Ndoo ya lita 20 inashusha bei kwa lita zaidi, lakini iwe kundi kubwa mnaoaminiana, maana ndoo ikishafunguliwa tayari imekuwa oili ya kupima. Funika, weka mbali na mvua.

Kwa mwenye IST dumu la lita 4 ndo saizi yake, inabaki lita 0.3 ya kuongezea. Akichukua la lita 5 kwa bei karibu ileile ni vizuri pia, ila asikubali fundi amimine yote "isipotee". Oili ikizidi alama ya juu ya stiki inapigwapigwa na shafti mpaka inatoa povu, na povu halilainishi.

WAPI PA KUNUNUA

Mnyuzi kwenyewe utapata, lakini chaguo ni chache na mwenye duka naye ameilipia usafiri. Korogwe mjini kuna maduka ya spea na vituo vya mafuta, na huko ndo mimi nanunua. Angalizo: usifunge safari kwa ajili ya kopo moja. Petroli ya kwenda na kurudi inameza nafuu yote. Nasubiri siku nina shughuli nyingine, napiga simu mbili kabla, nachukua ya miezi kadhaa. Oili isiyofunguliwa haiozi ikikaa kivulini.

Vituo vya kampuni zinazoingiza oili zake, kama Puma (waliochukua nafasi ya BP mwaka 2011) au TotalEnergies (waliowanunua GAPCO mwaka 2017), mara nyingi bei iko juu kidogo kuliko duka la mtaani, ila njia kutoka kiwandani mpaka kwako ni fupi na risiti inatoka bila ugomvi. Kama ndo unaanza na huamini macho yako, lipia hiyo tofauti. Ukishajua kopo halisi linafananaje, ndo uanze kutafuta nafuu mitaani.

Kuna njia ya kuagiza Kariakoo au Tanga mjini ikaja na basi. Kwa dumu moja haina maana, gharama ya mzigo inakula faida. Kwa katoni mnapochangishana inalipa. Usitume hela kwa mtu uliyemwona kwenye mtandao tu. Mwambie ndugu aliyeko huko aende kwa miguu yake, aone, ashike, apewe risiti, apeleke stendi mwenyewe.

Halafu kuna ile oili "ya kampuni", inayouzwa kwenye dumu la maji lisilo na jina, mwenyewe anakwambia imetoka kwenye pipa la shamba kubwa. Sitaji la nani. Tufanye hata ni halisi: oili ya trekta la mkonge ni ya dizeli, haikutengenezwa kwa klachi ya pikipiki yako. Na kama imetoka kwa mlango wa nyuma, wewe ndo unaonekana umeshika mali ya wizi. Bei ni nzuri, nakubali. Siitaki.

ILIYOCHAKACHULIWA

Neno kuchakachua lilivuma sana mwaka 2010 kwa ajili ya petroli na dizeli zilizochanganywa na mafuta ya taa. Yale mafuta walau yaliwekewa vinasaba kuanzia mwaka huohuo. Oili haikuwekewa. Macho yako ndo kinasaba.

Angalia pete ya kifuniko, iwe nzima na imeshikana kidogo kidogo pande zote. Ukifungua lazima ikatike. Makopo mengi yana karatasi ya foili chini ya kifuniko, ikiwa na gundi iliyomwagikia pembeni rudisha. Tafuta namba ya toleo na tarehe iliyopigwa kwenye plastiki yenyewe, isiyofutika kwa kidole. Lebo ikipinda au ikiwa na makosa ya tahajia, rudisha. Kopo lenye mikwaruzo ya zamani lakini lebo inang'aa limeshatumika. Kama lina stika ya kukwangua na namba ya kutuma, itume palepale kabla hujalipa, mwenye duka mzuri hakasiriki.

Kwa mliopo kwenye kompyuta sasa hivi: tovuti ya API ina orodha ya bure ya kampuni na oili zenye leseni ya kutumia ile alama yao ya duara. Andika jina la oili utafute. Isipokuwepo haina maana lazima ni mbovu, kampuni nyingine zinaandika herufi bila kuchukua leseni, lakini kama kopo limebandikwa ile duara na jina halimo, hapo kuna mtu anadanganya.

Mambo ambayo hayapimi kitu: rangi na kusugua vidoleni. Oili nzuri ya 5W-30 ikiwa ya baridi inaonekana nyepesi, na mafundi wengine wanaitukana "maji" kwa sababu walizoea 40 tupu. Nayo oili ya dizeli kuwa nyeusi siku chache baada ya kuwekwa ni kawaida, inabeba masizi, ndo kazi yake. Ila maji yanapimika. Tone moja kwenye chuma cha moto, likichachatika kama kitunguu kwenye mafuta, kuna maji ndani. Simama mbali, linaruka.

Dai risiti ya mashine ya EFD. Zilianza 2010 na watu bado wanaona aibu kudai. Bila risiti ukirudi na kopo mkononi ni maneno yako na yake. Yenye risiti unaweza kuipeleka TBS, au Tume ya Ushindani, FCC, ambao bidhaa bandia ni kazi yao kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Mimi ile ya kwangu sikuwa na risiti. Nilirudi dukani, nikasikilizwa, nikapewa pole, nikaondoka.

LINI UMWAGE

Oili bora iliyokaa mara mbili ya muda wake ni ghali kuliko ya kawaida iliyomwagwa kwa wakati. Toyota kwa magari ya petroli yasiyo na taabo kule Japani walikuwa wanasema kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa matumizi ya kawaida, na nusu yake, 7,500 au miezi sita, kwa matumizi magumu. Vumbi, safari fupi fupi na mizigo vyote ni matumizi magumu, yaani ni sisi. Mafundi wengi hapa wanasema 3,000 kwa kila gari. Kwa IST ya mjomba yenye oili ya SN tunamwaga 5,000 na stiki inaangaliwa kila Jumapili. Mwenye kumwaga kila 3,000 haharibu injini, anaharibu mfuko.

Kwa pikipiki fuata kitabu cha pikipiki yako, mzigo ukiwa mwingi fupisha. Kilomita andika kwa peni kwenye karatasi chini ya kiti, kichwa kinasahau. Stiki ya SanLG ipo kwenye kifuniko cha kujazia: simamisha pikipiki wima, ifute, ichovye bila kuizungusha kwenye nyuzi, soma. Nusu dakika. Ile 185,000 yangu ilikuwa ni hiyo nusu dakika pamoja na kopo.

Vichupa vya "dawa ya moshi" vinavyouzwa kwenye mabasi ni vizito tu, vinaziba moshi kwa siku chache ili uuze pikipiki kwa mtu mwingine. Hela hiyo nunua oili.

Oili chafu usiimwage mtaroni, inaishia Mto Pangani na kuna watu wanachota maji huko. Irudishe kwenye dumu. Kuna wanaoitafuta kwa kupaka mbao kuzuia mchwa, wape, lakini uwajue na uone mbao zenyewe. Na kopo tupu usimuuzie anayepita akinunua makopo ya oili yenye lebo safi na kifuniko chake, huku akikataa yaliyochanika. Jiulize anayapeleka wapi. La kwangu nalikata katikati kwa kisu, nusu ya chini inafaa kuoshea spea.

Karibuni kwa maoni. Taja mji, jina la oili, herufi zake na bei uliyolipa kwa lita.